Ile Alama Ndogo ya Oksijeni

Litembo, jioni ya kuamkia safari

Mwanangu Kandida,

Mambo ya sweta, dawa za malaria na kupiga simu ukifika nimemwachia baba yako. Ameyarudia tangu asubuhi, nadhani hata kuku wameyashika. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo, mimi ambaye mdomo wangu unajulikana kuanzia hapa hadi Kingerikiti. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Barua utaikuta kwenye mfuko wa mbele wa begi, juu ya pasipoti, mahali ambapo huwezi kupita bila kuigusa. Isome kabla hujapanda ndege. Ikiwezekana isome Mbinga, ukiwa unasubiri basi.

Juzi jikoni uliniuliza swali, nikakujibu, "Nyamaza." Neno hilo nalirudisha.

Tangu juzi hujala vizuri. Unapanda kule juu karibu na hospitali kutafuta mtandao, unarudi na matope hadi magotini, unafungua kompyuta, unaifunga. Jana tulipokuwa tunafukia ngolo, yale mashimo yetu ya mtelemkoni, ulipiga jembe kama unayegombana na udongo. Baba yako anasema ni hofu ya safari. Nimemwacha aseme. Mimi najua ni nini, kwa sababu nilikuwepo ulipokuwa unageuza ugali, ukaacha mwiko, ukasema, "Mama, hivi mtu akiona kitu kidogo ambacho wenzake hawajakiona, na kukisema kutaharibu kila kitu, afanyeje?"

Nikauliza, "Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo sana. Kama hakipo."

"Basi kama hakipo, nyamaza."

Ulinitazama, ukashika mwiko tena. Hukubishana. Ungebishana ningepata nafasi ya kufikiri, maana mimi hufikiri vizuri nikiwa nabishana. Ukanyamaza, na ule ukimya wako ndio umenikosesha usingizi usiku wa jana.

Ngoja niandike jambo lenyewe nilivyolielewa, ili kama nimekosea ujue nimekosea wapi. Uliniambia kwamba hapo mwanzo hapakuwa na kitu ila hewa mbili nyepesi, haidrojeni na heliamu. Nyota za kwanza ziliumbwa kwa hizo tu. Zilikuwa kubwa mno, zikawaka kwa fujo, zikafa mapema, na zilipopasuka ndipo vitu vingine vikamwagika: oksijeni tunayovuta, chokaa ya mifupa, hata chuma cha jembe langu. Nyota zote zilizofuata zilipikwa kwa majivu ya zile za kwanza. Na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuziona. Kwa hiyo mnatazama galaksi za mbali kabisa, ambazo mwanga wake ulianza safari kabla dunia yetu haijakuwepo, mnautawanya mwanga huo kama upinde wa mvua, kisha mnasoma nini kimo na nini hakimo. Mkikuta heliamu inang'aa sana na oksijeni hakuna kabisa, hapo moyo unawapiga. Mkiona oksijeni, hata chembe, mnajua kwamba nyota nyingine zilishaishi pale na kufa kabla.

Nilipokuuliza kwa nini muwatafute waliokufa badala ya kuwaacha wapumzike, ulicheka ukasema, "Mama, si ndio wazee wetu wote?" Jibu hilo nililipenda. Nililipenda kupita kiasi, na ndipo matatizo yalipoanzia.

Mwaka jana wakati wa kuchuma kahawa ulinipigia simu. Mlikuwa mmeona doa dogo la mwanga pembeni ya galaksi moja ya mbali sana, heliamu ipo, oksijeni haionekani. Ulisema, "Mama, huenda tumepaona mahali zilipo. Huenda. Tafadhali usimwambie mtu." Nikaapa sitamwambia mtu. Nikamwambia baba yako, kwa hesabu kwamba mume si mtu. Jumatano yake, kwenye jumuiya, wakati wa maombi ya shukrani, nilifungua mdomo nikasema Mungu amenitendea makuu, mwanangu ameona nyota ya kwanza. Hivyo hivyo. Ameona. Ile "huenda" yako niliiacha kwenye simu.

Jumapili katekista akatangaza baada ya misa. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka njiwa wakatoka kwenye paa. Mimi, mwenyekiti wa jumuiya, nikasimama mbele nikiwa nimefunga kitenge kipya na machozi yananitoka, na sikudanganya katika machozi. Mke wa fundi cherehani akamwita mtoto wake jina lako. Baba yako mkubwa Kosmas akawa hawezi kumaliza hadithi yoyote, hata ya bei ya maharage, bila kufika kwako. Ulipokuja likizo watoto wa shule walikufuata njiani wakiuliza nyota ina rangi gani, nami nilikuona ukikosa jibu. Nilikuona, Kandida. Nikajiambia ni unyenyekevu.

Sasa umekaa hapa nyumbani, ukachukua mwanga ule ule wa lile doa na kuuchambua upya kwa njia nyingine, na pale ambapo oksijeni ingekaa pametokea alama. Ulinionyesha kwenye kompyuta baada ya ule ugali. Mimi niliona mstari unaotambaa kama njia ya siafu, na mahali pamoja umeinuka kidogo. Ulisema huenda ni kelele tu za chombo, yaani takataka za darubini yenyewe. Huenda siyo. Profesa wako na wenzako hawajaiona. Wanakusubiri ufike ili makala itumwe. Na nafasi yako ya masomo kule Ujerumani iliandikwa kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Doa likionekana si lenyewe, hujui watakupa kazi nyingine au watakupa tiketi ya kurudi.

Ndiyo, nimeelewa. Nilielewa hata juzi. Nilisema nyamaza nikiwa nimeshahisi ni lile doa, na uliponionyesha sikulirudisha neno.

Sikusema kwa ajili yako, na hilo ndilo linaloniuma. Nilisema kwa sababu niliona kanisa. Niliwaona wale wanawake, nikaona uso wa shemeji Kosmas, nikajiona natembea kwenda sokoni na watu wanaacha kuongea nikipita. Mimi niliishia darasa la saba. Wakati wa usichana wangu nilikuwa nasoma magazeti yaliyofungiwa sukari, nayanyoosha kwa kiganja ili nisome hadi pale yalipochanika. Nilipopata mtoto anayesoma mwanga wa nyota, nilijivika yeye kama nguo. Mtu aliyevaa nguo hapendi kusikia kwamba ina tundu.

Na tena siyo mara ya kwanza kukunyamazisha. Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa darasa la kwanza.

Mwaka ule baba yako aliteremka Mbamba Bay na magunia ya maharage, akasema atarudi na usipa, dagaa wa ziwa lile, baada ya siku chache. Barabara ikakatika, ziwa likachafuka, na yeye (naandika hivi kwa kuwa amelala na anakoroma) akanogewa na dagaa wa bure na hadithi za Wanyasa. Mwezi wa tatu ukafika, Machi, msimu wa kuchimba ngolo. Wewe umeifanya kazi hiyo wiki hii kwa hiyo sihitaji kukueleza, ila kule uendako wakikuuliza nyumbani kwenu mnalimaje, waambie: mwanaume anafyeka nyasi na kuzitandika kwa miraba mtelemko mzima, mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi kwa udongo, panabaki shimo katikati na tuta kulizunguka. Maharage yanakaa juu ya tuta. Maji ya mvua yanatulia shimoni badala ya kukimbia. Na kinachoshika tuta lisibomoke, na kulilisha mwaka unaofuata, ni nyasi zilizo ndani, ambazo mpita njia hazioni.

Mume hayupo. Shamba la mtelemko wa juu lilikuwa halijapumzika vya kutosha, nyasi zilikuwa haba, zilitakiwa zikafyekwe ng'ambo na kubebwa. Ningeweza kumwomba shemeji Kosmas. Ukoo mzima ulikuwa karibu, wangekuja asubuhi moja wangemaliza. Lakini mimi niwaombe! Wakati mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ameshasema mbele za watu kwamba mwanawe ameoa mdomo na siyo mikono! Nikaamua kuwaonyesha mikono. Nyasi chache nilizozipata nikazitandika kwenye mistari ya pembeni mwa njia, zile ncha zikachungulia vizuri kwenye tuta ili apitaye aone. Mistari ya ndani nikavuta udongo mtupu, nikaupigapiga, nikaulainisha. Ukisimama barabarani ulikuwa unaona ngolo nzuri kuliko zote za upande huu.

Siku namalizia kupanda, shemeji alipita akasimama. Akatazama juu, akatazama chini, akavua kofia. "Shemeji, umewashinda wanaume." Neno tamu hilo, sijawahi kula asali iliyolifikia. Na wewe ulikuwa nyuma yangu na kijiti. Ulikuwa na tabia ya kufukua matuta kuona nyasi zimeoza zimefikia wapi. Nilishakuchapa kwa hilo mara nyingi, kumbe nilikuwa nachapa masomo yako. Ukasema kwa sauti ile ya watoto isiyo na mlango, "Mama, huku ndani hamna majani."

Nikakufinya. Nikasema, "Nyamaza."

Shemeji sijui kama alisikia. Alivaa kofia akaenda zake. Wewe ukatupa kijiti. Na maharage, mwanangu, yalikubali. Hapo ndipo palipo na ugumu, na ndiyo sababu sikuambii kwamba uongo hulipa papo hapo, kwa kuwa siyo kweli. Mwaka ule nilivuna vizuri. Baba yako aliporudi na usipa wake alinikuta naimbwa kwenye vilabu. Miezi yote ya kiangazi nilitembea nimenyoosha shingo. Kila nilipopita pale chini ya mtelemko nilikuwa nasema kesho nitamwambia shemeji, tutandike upya kabla ya mvua za mahindi. Na kila mtu aliponisifu, kesho ikasogea mbele kidogo. Sifa iliniziba mdomo kuliko hofu.

Mvua za mahindi zilikuja kwa hasira. Mashimo yakajaa, na matuta ya ndani hayakuwa na kitu cha kushikana. Moja likapasuka likamwagia la chini yake, hilo likamwagia jingine. Tuliusikia mtelemko ukiteremka alfajiri. Sauti yake ilikuwa nzito na ya polepole, sijawahi kuisahau. Hakufa mtu. Lakini udongo wote wa shamba letu ulikwenda kulala juu ya miche ya kahawa ya shemeji, ambayo alikuwa ameiotesha kwa mikono yake na kuimwagilia kiangazi kizima, na ukaziba chemchemi ambayo nyumba zote za bondeni zilikuwa zinachota.

Asubuhi alikuja akasimama ndani ya tope. Mimi nilikuwa nimeshika jembe, sijui kwa kazi gani. Nilingoja anitukane. Ningeweza kujibu matusi, unanijua. Yeye akainama kwenye tuta lililokatika, akachota udongo, akauvunja kwenye kiganja, akautazama. Akasema, "Hamna jani hata moja." Kisha akaniangalia, siyo kwa hasira. "Shemeji, ungesema tu mwezi wa tatu. Tungekuja."

Basi. Akaenda kutafuta koleo.

Baadaye nilisema yote. Nilikwenda kwa wazee wa ukoo na baba yako pembeni yangu, nikasema nilichofanya na kwa nini, bila kupamba. Walinisikiliza kwa heshima, wakanisamehe, Mungu awabariki. Nikafanya kazi kwenye kahawa ya shemeji misimu mingi, mpaka akanifukuza kwa utani. Lakini nilijifunza jambo pale mbele ya wazee, na nimelitafuta neno lake miaka yote hii. Ukweli nilioutoa ulikuwa ule ule ambao ningeutoa mwezi wa tatu, haukupungua hata herufi. Ila mwezi wa tatu ungeleta watu na nyengo za kufyekea na vicheko na pombe kidogo jioni. Baada ya mvua haukuleta kitu, ulibaki kuwa maneno ya mwanamke aliyesimama mbele ya wazee akiwa ameinamisha kichwa. Udongo haukupanda kurudi juu.

Hadi leo shemeji akipita na kutukuta tunafukia hunitania: "Mama Kandida, humo kuna majani?" Nami hucheka na kumjibu, "Njoo ufukue mwenyewe." Jana alisema tena, ulisikia. Nilicheka kama kawaida. Nikageuka nikakuona umesimama na jembe lako, hucheki, na mkono wangu ukakumbuka ule mfinyo wa zamani. Mkono huu huu ninaoandikia.

Kwa hiyo sikufundishi kusema kweli, maana ungenicheka. Ulikuwa unaijua tangu darasa la kwanza, mimi ndiye niliyekufinya. Nakueleza tu kinachofuata mtu akinyamaza, kwa sababu hicho wewe hukijui na mimi nakijua. Kwanza hakuna kitakachotokea. Makala itatoka, watu watakupongeza, utapewa nafasi nyingine kubwa kuliko hii. Kisha wataanza kuja wengine, vijana kama wewe, kutoka nchi usizozijua, watachukua lile doa kuwa ni jambo lililokwisha na kupanda ya kwao juu yake. Watapanda kwa nguvu zote, kwa sababu tuta linaonekana zuri. Kila mmoja atakayekusifu atakuongezea ugumu wa kusema. Na wewe utakuwa unapita chini ya mtelemko ule kila siku, peke yako, ukitazama mawingu.

Inawezekana pia alama ile ni kelele za chombo. Ulinieleza, na sijasahau. Inawezekana profesa wako akiitazama atasema mbona hii tunaijua, akakuonyesha ilikotoka, mkacheka. Hata mimi nilijidanganya hivyo hivyo, kwamba pengine matuta yale yatashika tu bila nyasi, kuna udongo mwingine hushika. Lakini ningeweza kumwita shemeji aje apime naye. Mtu anayejua mtelemko. Sikumwita kwa kuwa niliogopa asije akakubaliana na nilichokijua tayari.

Na wewe, jiulize kwa upole, usijiumize: ungekuwa unaamini kabisa kwamba ni kelele, ungeniuliza mimi? Mimi ambaye oksijeni naifahamu kwa mitungi ya pale hospitalini tu? Uliniuliza mimi kwa sababu ulihitaji mtu wa kukukataza kunyamaza. Ulikuja kwa mama ili akwambie sema, ukapata mama aliyekuwa anatazama kitenge chake.

Sitajifanya jasiri. Naogopa. Wakati naandika mvua imeanza tena na naogopa barabara ya kesho, naogopa baridi ya Ujerumani, kule walikotoka wale mabruda wa zamani wa misheni, lakini zaidi ya yote naogopa usiku ambao utanipigia simu na kusema, "Mama, wamesema nirudi." Nimeuwaza usiku huo tangu jana. Nimewaza nitakachokujibu na bado sijapata maneno, ila najua nitakuja Mbinga kukupokea mwenyewe, sitamtuma baba yako, na hutabeba hata begi moja. Ukirudi na kichwa chako kimenyooka, chumba chako kipo na mtelemko upo. Ukiniletea shahada huku unaangalia pembeni kila nikikuuliza habari za nyota, sijui nitaiweka wapi. Kusema kweli nitaiweka ukutani, najijua, na nitaionyesha kwa wageni, na wewe utachukia kuja nyumbani. Hilo ndilo ninaloliogopa kupita tiketi ya kurudi.

Sasa kuna jambo umenifichia, hukulitaja kwa kunistahi. Hata kama ungetaka kumwandikia profesa usiku huu huu, unakumbuka kwamba kuna watu wanaokuja kesho. Jumuiya nzima inakuja alfajiri kukuombea, baba mkubwa Kosmas ndiye atakayeongoza sala, na ninajua atakachosema, amekuwa akikifanyia mazoezi njiani. Atamshukuru Mungu kwa binti aliyeiona nyota ya kwanza. Watu wataitikia amina, na wewe utakuwa umepiga magoti katikati yao. Utaondoka hapa na amina zile mgongoni. Mtu aliyebebeshwa mzigo wa namna hiyo hawezi kufika Mbinga akafungua simu na kuandika, "Nimeona alama." Atahisi anawaibia wazee.

Mzigo huo niliufunga mimi, kwa hiyo nitaufungua mimi. Nimeshaamua, usijaribu kunizuia, na kwa kuwa utasoma hii baada ya kufanyika, huwezi. Kesho wakishakaa, kabla shemeji hajafungua kinywa, nitasimama. Mwenyekiti hahitaji kuomba nafasi. Nitasema hivi: "Ndugu zangu, mwaka jana niliwaambia mwanangu ameona nyota ya kwanza. Hakuwa ameniambia hivyo. Aliniambia huenda, na nikakata neno lake nikawaletea lililobaki. Sasa ameona alama ambayo huenda ikaonyesha kwamba siyo. Anakwenda kuitazama na wenzake. Mwombeeni macho, msimwombee sifa."

Watanyamaza. Ukimya wa watu wale naufahamu, niliwahi kusimama ndani yake. Pengine mke wa fundi cherehani atamtazama mtoto wake. Pengine shemeji atavua kofia, pengine hatavua. Nitasimama pale mpaka nimalize, kisha nitaketi, na kuanzia hapo huku nyumbani hutakuwa na kitu cha kupoteza. Kilichobaki kitakuwa kati yako na profesa wako, na hicho utakibeba, kina ukubwa wako.

Najua wakati nikisema utaniangalia kwa uchungu, na utataka kuinuka. Una moyo wa baba yako. Utataka kuwaambia kwamba ni mambo magumu ya kisayansi, kwamba simu ilikuwa inakatika, kwamba mama hakuelewa. Nitakuashiria kwa mkono ukae.

Kaa chini, mwanangu. Nilielewa.

Mama yako,
Gaudensia